Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Wamezikusanya zote, kaka Odindo,
zile santuri ndogo tulizonunua moja moja
kwa Vithaldas, karibu na stesheni.
Wamezimwaga kwenye santuri moja kubwa
kama omena guniani.
Nyimbo kumi na sita, miaka sita.
Dakika arobaini na tatu, nimezipima
kwa saa yako.

Jaladani wale vijana wanne wa Uingereza
wameegemea ukuta wa matofali, suruali zimewabana,
nywele zimewafunika masikio.
Siku ya kwanza mama aliwatazama akauliza,
"Hawa kwao hakuna wembe?"

Aliyezipanga ni mtu wa taratibu.
Ametanguliza wa kwanza, amemalizia na wa mwisho,
sauti zao zinakomaa wimbo hadi wimbo
kama ndizi juu ya kabati.
Lakini Kisumu hazikufika hivyo.
Kwetu ulitangulia wa tano, ule wenye kinanda na huzuni,
ndipo ukaja wa pili, ulikuwa umekwama bandarini,
kisha, mwaka uliofuata, wa kwanza kabisa,
umefungwa kwa gazeti,
wanapiga kelele kama mbuzi waliosahauliwa zizini.
Tuliwajua wakiwa watu wazima,
tukawashuhudia wakirudi utotoni.
Ukacheka hadi ukashika ukuta:
"Jamaa hawa wanaishi kinyumenyume!
Mwakani watatuletea kilio cha kuzaliwa."

Kaloleni, chumba cha nyuma.
Sindano ilikuwa butu. Tuliibandika senti tano kichwani,
ile ya zamani yenye tundu,
isije ikarukaruka kama panzi.
Bado iliruka. Wimbo huu hasa,
upande wa pili, wa tatu,
gitaa linaponguruma na mwimbaji anaanza kuuliza swali.
Sikulielewa, Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne.
Hapo ndipo Rusalia alipoangusha pini ya nywele
akicheza peku nawe, ikakwaruza,
na tangu usiku huo swali halikufika mwisho:
neno moja, neno moja, neno moja,
hadi mtu anyanyuke, ausukume mkono kwa kidole.
Kila mara ulinyanyuka wewe.

Leo nimeketi na hii mpya, safi kama sahani ya wageni.
Mvua ya saa kumi imeanza kugonga mabati.
Gitaa hilo linakuja. Nimeinua kidole.
Hauruki.
Unapita mahali pale
kama mtu anayetujua, akapita mlangoni bila hodi.
Mwimbaji amemaliza swali lake.
Kumbe lilikuwa fupi.
Kumbe anauliza tu kama basi la mwisho limeshapita.

Halafu kimya.
Sekunde tatu, mkwaruzo mdogo wa mchanga.
Wimbo huu na unaofuata, hata kwetu, zilifuatana,
ila hazikuachana kwa sekunde tatu.
Humo ulipanda gari moshi la Nakuru
na shati langu la njano, hukuniomba.
Humo zilikuja barua mbili, kisha moja,
kisha bahasha ya khaki, ndani yake saa.
Humo Rusalia aliolewa Yala,
mama akaifunika gramafoni kwa kitambaa cha meza
na hakuna aliyethubutu kukifunua
hadi sami wa ziwani walipojaa taa mwezi wa pili uliofuata.
Wa nne nilikwenda kuununua peke yangu.
Vithaldas alitazama nyuma yangu, mlangoni,
akasubiri kidogo,
akanipunguzia shilingi bila kusema neno.

Aliyezipanga angejuaje?
Kazi yake ilikuwa kuzisogeza zitoshe.

Tayari wameingia wa nne, wana furaha, wanapiga makofi.
Nanyanyuka.
Nausukuma mkono kwa kidole, nyuma kidogo,
hadi kwenye lile swali.
Neno moja. Nausukuma tena.
Neno moja.

Jirani anagonga ukuta.
Mwache agonge.